Kosa la Mgeni

Kengele ya moshi ilikuwa ndani ya droo ya jikoni, kati ya vijiko na uma, na betri yake ilikuwa bado nzima. Eliaichi aliibonyeza. Ikalia kwa ukali, na Hyacinthe, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akaruka.

"Dada! Bon, ungeniambia kwanza."

"Nilitaka kujua kama inafanya kazi."

"Sasa umejua."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Novemba 2015, ghorofa ya pili ya jengo la kupangisha huko Newburg, kusini mashariki mwa Louisville. Siku mbili kabla, Cubaka, mkimbizi kutoka Kivu aliyewasili na familia yake Jumanne ya wiki hiyohiyo, alikutwa amekufa katika chumba cha kulala. Kando ya kitanda palikuwa na jiko dogo la mkaa na juu yake sufuria ya maharage. Polisi walihitaji sentensi moja tu kueleza: mgeni hakujua kwamba mkaa hauwashwi ndani. Walimshuku mkewe, Généreuse, kwamba aliliwasha jiko kabla ya kwenda kanisani. Hawakuwa wamemshtaki bado, lakini watoto wake wawili, Sandrine na mdogo wake, walichukuliwa jioni ileile na kupelekwa kwa familia ya Kimarekani. Jumatano saa tatu jaji wa mahakama ya familia angeamua kama watarudi kwa mama yao.

Eliaichi alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mawakili wa umma, ambao walipewa kazi ya kumtetea Généreuse. Mtoto wa Machame, alisomea sheria Dar es Salaam, na katika miaka saba ya kazi hii alikuwa amejizoesha kupima kwanza na kuuliza baadaye. Alivuta kiti, akapanda, akanyoosha mkono hadi pale kengele ilipokuwa imefungwa darini. Ncha za vidole zikagusa kitako chake, basi. Kukishika na kukizungusha hakuweza.

"Wewe una urefu gani?" aliuliza Hyacinthe.

"Mita moja na sitini na saba. Mama Sandrine ana moja na arobaini na tisa. Imeandikwa kwenye fomu yake ya kliniki."

"Pengine bwana yake ndiye aliitoa."

"Mguu wake ulikuwa umevimba tangu kwenye ndege. Daktari aliandika Alhamisi kwamba asikanyagie mguu huo." Alishuka. "Humu ndani hakuna ngazi."

Akafungua friji. Sufuria nne zilizofunikwa: wali, kabichi, viazi, maharage. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, yametiwa kitunguu, na kiasi chake kingeshibisha watu wanne kwa siku mbili. Yale ya juu ya jiko la mkaa, kwa ripoti ya zimamoto, yalikuwa magumu kama changarawe. Chini ya sinki palikuwa na mfuko wa mkaa wa kilo nane, umefunguliwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka.

"Duka la karibu linalouza mkaa huu liko maili mbili na nusu," alisema Eliaichi. "Walikuwa na gari?"

"Gari gani, dada? Walikuwa na siku ine ndani ya Amerika."

"Basi aliuleta nani?"

Hyacinthe aliangalia funguo zake. Alikuwa mtumishi wa shirika la kupokea wakimbizi, yeye mwenyewe Mkongomani wa Uvira, mtu wa maneno mengi ambaye tangu asubuhi alikuwa anayapima. Eliaichi akatoa karatasi kutoka kwenye faili na kuilaza mezani. Ilikuwa fomu ya ukaguzi wa siku ya kwanza: jiko la umeme limeonyeshwa, namba ya dharura imefundishwa, kengele imejaribiwa, familia imeelezwa kuhusu hatari ya mkaa. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba la Généreuse, na sahihi ya Hyacinthe. Jumatano, saa nne asubuhi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Oui."

"Na ulikuwa hapa?"

"Kama imeandikwa..."

"Nimeliona daftari la magari la ofisi yenu. Jumatano saa nne ulikuwa mtaa wa Okolona, umepeleka watu watano kwenye usaili wa kazi ya ghala."

Hadi dakika ile Hyacinthe ndiye aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha ya washukiwa ya Eliaichi. Alikuwa na funguo, alikuwa na gari, na alikuwa ameshadanganya.

"Donc, sikiliza," Hyacinthe alisema na kuketi. "Wiki ile tulipokea familia sita. Sita, dada! Mimi ni mutu mumoja. Nilitia sahihi, ndiyo, lakini kazi ilifanyika. Papa Bisimwa ndiye alikuja. Ni wa kujitolea, tunamuaminiaka wote. Anapokeaka wageni airport, anabaonyesha nyumba, anabapeleka hospitali. Bila yeye hii ofisi ingefungwa."

"Ana funguo?"

"Ana za nyumba zote za wageni."

"Na Jumamosi mchana wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa ubatizo wa mutoto wa dada yangu. Watu mia mbili waliniona nikicheza. Vibaya, lakini waliniona."

Eliaichi aliithibitisha habari hiyo kwa simu mbili akiwa kwenye ngazi. Akalifuta jina la Hyacinthe, akaandika lingine.

*

Généreuse alikuwa amehifadhiwa katika chumba cha hoteli ya barabarani, kusini mwa mji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitenge kimefungwa juu ya koti la msaada lililomzidi. Hakuwa peke yake. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliyevaa sweta safi na miwani ya kusomea, alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Karibu, mama mpelelezi," alisema. "Mimi ni Bisimwa. Hyacinthe alinipigia, akasema unakuja. Nikawaza, mama huyu hatakunywa chai ya hoteli, ile ni maji ya kuosha vikombe."

"Shikamoo."

Akacheka. "Marahaba. Haki, ninyi Watanzania munasema Kiswahili kama redio."

Eliaichi aliketi karibu na dirisha. "Mama Sandrine, pole sana kwa msiba."

"Asante, mama."

"Nitakuuliza mambo madogo madogo. Jumamosi mlitoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Watu wa kanisa walikuja kutubeba na gari, mimi na batoto. Cubaka alibakia nyumbani juu ya ule mguu wa kuvimba. Alikuwa amekunywa dawa, analala."

"Ulimwachia nini jikoni?"

"Hakuna kitu. Vyakula vyote vilikuwa ndani ya friji."

"Ulivipika lini?"

"Siku ya tano, mbele jua lizame."

"Kwa nini Ijumaa?"

Généreuse alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kulala. "Tuko Badiventisti, mama. Siku ya Sabato hatuwashake moto ya kupika. Hata kule kambini. Tunapika mbele, tunakula ya baridi."

"Na Cubaka pia?"

"Ye ndiye alikuwa mukali zaidi. Alikuwa shemasi. Siku moja mutoto alipasha maji Sabato, akayamwaga."

Kijiko cha Bisimwa kilichokuwa kinakoroga sukari kikasimama.

"Hata mutu akisikia njaa?" Bisimwa aliuliza kwa upole.

"Hata."

"Bon. Mimi Mkatoliki, sikujua hivi. Nilijua tu munasalia Jumamosi." Kijiko kikaanza tena. "Lakini mugonjwa, mama Sandrine, mwenye dawa kichwani, anaweza kusahau siku."

Eliaichi aliandika maneno hayo ya Bisimwa kama yalivyosemwa.

"Kuna mtu aliyekuja kumwona mumeo wiki ile?"

Généreuse aliangalia ndani ya kikombe. "Sijue."

"Mimi nilikuja," alisema Bisimwa. "Andika, mama mpelelezi, usiogope. Nilimupeleka hospitali siku ya ine. Dawa nilichukua mimi. Fomu ya nyumba, ni mimi. Kengele nilijaribu mimi mwenyewe, ikalia. Funguo, hizi hapa." Akaziweka mezani mbele yake.

Watu wenye la kuficha, kwa kawaida, hungoja waulizwe. Huyu alikuwa ametoa kila kitu kabla, kwa mpangilio uleule ambao yeye Eliaichi angeuliza.

"Mama Sandrine, Cubaka alikwambia lolote lililomsumbua tangu mfike?"

"Hapana."

"Alilala vizuri?"

Mikono ya Généreuse ilikaza kikombe. Bisimwa alikuwa anafunga kifuniko cha chupa, taratibu, akizungusha.

"Alilala," alisema Généreuse.

Saa kumi Eliaichi alikuwa katika ofisi ya shirika, akisoma fomu ya Bisimwa ya kujitolea. Alikuwa Louisville tangu Julai. Wadhamini wawili: Athanasi, mzee wa kanisa, Buffalo, jimbo la New York; Josiane, mhudumu wa wazee, Gahanna. Chini yao, swali la mwisho la fomu: Kwa nini unataka kupokea wageni? Alikuwa amejibu kwa herufi nzuri za shule: Napenda kuwa mtu wa kwanza wanayemwona.

*

Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na nusu kwa gari. Jumanne saa tano Eliaichi alikuwa sebuleni kwa Josiane, huko Gahanna, kitongoji cha Columbus karibu na uwanja wa ndege, ambako kila baada ya dakika chache madirisha yalitetemeka kidogo. Josiane alikuwa ametoka kazini, bado na sare yake ya bluu, na hakuficha mshangao wake.

"Papa Bisimwa amefanya nini tena? Amechaguliwa rais?"

"Unamfahamu vipi?"

"Nani hamujue? Zaidi ya mwaka alikaa hapa. Alitusaidia sana kwa kilio cha kaka yangu."

"Kaka yako alifariki?"

"Mwezi wa tano. Gari lilimugonga kwa barabara kubwa, hii ya airport. Alikuwa amefika juma moja tu. Alitaka kuvuka kwa miguu." Akapandisha mabega. "Polisi walisema, mugeni, hajue kwamba pale hapavukwe."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Ndiyo nashindwaka kuelewa. Ngambo ya pili hakuna kitu. Ni uzio tu, na Papa Bisimwa alikuwa amemuonyesha mahali pa kuvuka."

Eliaichi aliomba ruhusa, akampigia Athanasi wa Buffalo na kuiweka simu mezani, sauti wazi. Mzee alijibu kwa furaha. Bisimwa? Mtu mwema, nguzo ya kanisa. Walisikitika alipohama.

"Alihama lini, mzee wangu?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu. Baada ya msiba wa Sebineza. Ulimuuma sana."

"Sebineza ni nani?"

"Kijana mmoja mgeni. Alikuwa na siku sita hapa. Tulimkuta kwenye theluji nyuma ya nyumba, ameganda, hana koti. Koti lilikuwa ndani, limetundikwa." Mzee akavuta pumzi. "Wageni hawajui baridi ya Buffalo, binti yangu. Wanadhani ni mvua."

"Nani alimfundisha habari za koti?"

"Bisimwa huyohuyo. Aliwafundisha wote."

Josiane alikuwa ameacha kutabasamu. Eliaichi alikata simu, akaandika majina matatu, na mbele ya kila jina idadi ya siku tangu kuwasili: sita, saba, nne. Kila kifo kilikuwa na maelezo yake tayari, na maelezo yalikuwa yaleyale. Tena kila mara aliyefundisha somo ndiye aliyejua ni kosa gani watu wangeliamini.

"Una picha yake?" aliuliza.

"Ya Bisimwa? Ngoja." Josiane alipekua simu, kidole kikienda haraka, kisha polepole. "Ni ajabu. Niko na picha za wageni wote airport, tunazitumaka kambini ili jamaa waone kama watu wamefika salama. Lakini yeye hayupo."

"Hata moja?"

"Ye ndiye anapigaka. Anasema camera haimupende."

"Nionyeshe ya kaka yako."

Watu kumi na mmoja mbele ya ukanda wa mizigo, mabegi meupe ya plastiki yenye hati zao yakining'inia shingoni, mabango ya karatasi, watoto waliochoka. Wote walikuwa wanatabasamu kwenye simu iliyowapiga. Kaka yake Josiane, wa pili kutoka kushoto, hakuwa anaiangalia simu. Macho yake yalikuwa juu ya simu kidogo, pale penye uso wa aliyeishika.

Eliaichi aliomba picha ya Buffalo kwa Athanasi, na ya Louisville kwa Hyacinthe. Zilifika ndani ya robo saa. Katika ile ya Buffalo, Sebineza, kofia mpya ya sufi kichwani, alitazama juu ya simu. Katika ile ya Louisville Généreuse alitabasamu, Sandrine alitabasamu, mdogo wake alikuwa amelala begani. Cubaka alitazama juu ya simu, mdomo umeachama, kama mtu anayetaka kutamka jina.

"Anakujaka airport awaone wote," Josiane alisema kwa sauti ndogo. "Ili ajue mapema nani anamujua uso."

Eliaichi alimpigia mpelelezi wa polisi wa Louisville akiwa barabarani na kumpa mambo manne: kengele, mkaa, Sabato, miji mitatu. Mpelelezi alisikiliza kwa adabu. Macho ya watu kwenye picha, alisema, si ushahidi. Wakili wa Généreuse alisema vilevile, kwa maneno makali zaidi: kesho wanawataka watoto tu. Kumtaja mtu mwema wa jamii bila uthibitisho kungemfanya jaji amwone mama kama anatafuta wa kumsukumia lawama. Jina la Bisimwa libaki ndani ya faili. Eliaichi alipima hoja hiyo kutoka Cincinnati hadi nyumbani, akaona ni sahihi.

*

Jumatano ilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Wakili alieleza urefu wa dari na urefu wa Généreuse. Alionyesha picha za sufuria nne. Mchungaji wa Kiadventista aliapa na kueleza Sabato kwa dakika tano. Jaji, mwanamke mwenye mvi aliyeandika kila kitu kwa mkono, aliuliza maswali matatu, yote ya maana.

"Mahakama haioni sababu ya kuamini kwamba mama huyu aliwasha jiko lile," alisema hatimaye, na mkalimani akamnong'oneza Généreuse. "Watoto watarudi kwake leo, kwa sharti moja. Kwa siku thelathini, mtu mzima anayejua lugha yake na nyumba za hapa afike kwao kila siku. Shirika lina mtu wa namna hiyo?"

Hyacinthe alisimama kabla wakili hajageuka. Uso wake uling'aa. Baada ya aibu ya Jumatatu, alikuwa amepata la kufanya.

"Tunaye, mheshimiwa. Yupo hapa."

Safu ya tatu, Bisimwa alisimama, kofia mkononi, akainamisha kichwa kwa heshima.

Wakili alimtazama Eliaichi. Eliaichi alikuwa ameshika kalamu na ameandika neno moja, lakini karatasi haikuwa imefika mkononi mwa mtu yeyote wakati Généreuse aliposimama.

"Huyu, hapana."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Jaji alivua miwani. Akaeleza, polepole, kwamba bila mtu huyo hawezi kuwaachia watoto leo, na kwamba kikao kingine ni baada ya majuma mawili. Je, mama ameelewa?

"Minaelewa. Basi babakie kule, kwa ile famille ya Bamerika." Sauti haikutetemeka. "Kule huyu hajue mulango."

"Kwa nini, mama?"

Généreuse aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ya kuwasili alimtazama Bisimwa usoni.

"Bwana yangu alimujua pa airport. Usiku ule hakulala, na usiku wa pili. Aliniambia: usiseme kitu, tuko bageni, nani atatusadiki? Kule kwetu, wakati ya vita, huyu alikuwa anasimama kwa barrière ya barabarani na liste mukononi, anaita bantu majina. Benye aliita, hatukubaona tena. Hakuitwaka Bisimwa. Aliitwaka Karaha."

Mkalimani alitafsiri mpaka kwenye jina, akalirudia mara mbili kwa ajili ya karani. Hyacinthe alikaa chini.

"Mama ana huzuni," alisema Bisimwa. Hakukana. Aliangalia mlango wa kulia, alikosimama askari, kisha mlango wa kushoto, ambako Eliaichi alikuwa ameshafika na kuuegemea.

Nyuma ya kioo cha mlango wa ndani, Sandrine alikuwa amesimama na mdogo wake, makoti yamefungwa zipu mpaka kidevuni, tayari kwa kuondoka. Mtumishi wa jamii aliwainamia, akawaambia neno, akawageuza kuelekea ukumbi mwingine. Généreuse hakuwaangalia. Alimkazia macho yule mwanamume, na mwanamume akalazimika kumkazia yeye, hadi nyayo za watoto zilipoacha kusikika.